BARUA YA KARANI: Redio Yavuma, Maneno Hayasikiki



Juma hili nataka kuwaeleza aibu iliyotupata nyumbani kwangu, na jinsi tulivyoiondoa. Ninaieleza kwa sababu naona nyumba nyingi katika vigango vyetu zina ugonjwa ule ule, na wenyewe hawajui.

Mwaka jana mdogo wangu alirudi kutoka mjini na sabufa. Ninyi mnaijua: lile sanduku jeusi lenye spika kubwa, pamoja na visanduku viwili vidogo vya kuweka huku na huku. Aliiweka katika pembe ya sebule, mahali ambapo watoto hawataigonga, akaiunga na umeme wa sola. Alipoifungulia, vikombe vilitetemeka kabatini na majirani wakaja kutazama. Mimi nami nilijivuna kidogo, nakiri.

Sasa, msikilizaji mkubwa wa redio katika nyumba yetu ni mama yangu, ambaye watoto humwita Bibi. Macho yake yameingia ukungu, kusoma hawezi tena. Redio ndiyo gazeti lake, na Rozari ya redioni ndiyo inayomfunga siku yake. Jioni moja lilitolewa tangazo kwamba madaktari wa macho watafika katika hospitali moja ya misheni. Mimi nilikuwa uani nafunga mbuzi. Bibi akaniita akaniambia, "Mwanangu, ni Jumatatu." Basi Jumatatu alfajiri nilimpandisha pikipiki, kisha basi, tukafika saa tano. Daktari wa macho hakuwapo. Mlinzi alitujibu kwa upole, "Ni Jumatano, Mama."

Nauli ya kwenda mara ya pili haikuwapo. Jumatano ilipita tukiwa nyumbani, na madaktari wale hawakurudi tena mpaka baada ya miezi minne.

Nilikasirika sana. Kwanza niliwalaumu watangazaji kwamba hawasemi wazi. Kisha, Mungu anisamehe, nikayalaumu masikio ya mama. Mdogo wangu akasema, "Kaka, dawa ni kuongeza sauti." Tukaongeza. Bibi akazidi kutatizika, hata mwisho akachukua kigoda chake akaenda kuketi jikoni. Nilipomfuata aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Katika nyumba yangu ya nyasi redio ilikuwa inasema. Humu mwenu inapiga kelele tu."

Kumbe mama alikuwa amesema kweli tupu.

PIGENI MAKOFI

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sebule yangu ni debe hasa: kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji, juu bati, dari hamna. Nilisimama katikati nikapiga kofi moja kubwa. Kofi lile halikufa. Lililia ukutani kama sarafu inayozunguka katika sahani. Kisha nikaenda katika ile nyumba ya zamani ya udongo na nyasi, ambamo siku hizi twaweka mahindi, nikapiga kofi jingine. Likafa pale pale.

Sababu yake si ngumu. Mtoto akitupa mpira kwenye sakafu ya saruji, unaruka na kurudi. Akiutupa kwenye lundo la pumba, unakwama. Sauti ni vivyo hivyo. Saruji, lipu, bati na kioo huirudisha karibu yote. Nyasi, nguo nzito, godoro na mwili wa mtu huimeza.

Tena sauti ina mbio. Kwa sekunde moja hukimbia mita 340 na zaidi kidogo. Sebule yangu ina urefu wa mita 4, basi sauti huweza kuivuka zaidi ya mara 80 katika sekunde moja. Mtangazaji asemapo neno, masikio hupokea neno lenyewe, kisha neno lile lile likitoka ukutani, kisha likitoka juu kwenye bati, tena na tena, huku neno la pili limekwisha kufika. Maneno hupandana kama watu wanaogombea mlango mmoja. Na Jumatatu na Jumatano hutofautiana kwa silabi moja tu, ile ya mwisho!

MITO YA BWANA SABINE

Msidhani taabu hii ni ya vijijini peke yake. Mwaka 1895 katika Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, palikuwa na ukumbi mpya wa kufundishia ambao haukufaa kitu. Mwalimu akisema neno, mlio wake ulikaa ukumbini zaidi ya sekunde 5. Kazi ya kuuponya alipewa mwalimu kijana aliyeitwa Wallace Clement Sabine.

Bwana huyu hakuanza kwa kununua vyombo vikubwa. Alikwenda usiku, mji umenyamaza, akaingiza mito ya viti iliyotoka katika ukumbi mwingine. Alipiga sauti ya filimbi ya kinanda, akaikata ghafula, akapima sauti inadumu muda gani mpaka isisikike tena. Akaongeza mito, akapima tena. Mito ilipozidi, mvumo ulipungua, mpaka ukafika karibu sekunde moja. Hapo akapata kanuni inayotumika hata leo: chumba kikiwa kikubwa, mvumo hudumu zaidi, vitu vya kumeza sauti vikizidi, mvumo hupungua. Hata ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 na unaosifiwa mpaka leo, ulijengwa kwa shauri lake.

Sabine alitambua pia kwamba dirisha lililo wazi ni mmezaji kamili, maana sauti itokayo nje hairudi tena. Na watu nao humeza sauti. Mmekwisha kuona jambo hili wenyewe. Siku ya kazi, kanisa likiwa na wazee sita tu, maneno ya Padre huzunguka juu ya kenchi na hayashikiki. Dominika, kanisa likijaa akina mama, watoto na nguo zao, sauti ile ile ya Padre yasikika vizuri. Padre ni yule yule. Kilichobadilika ni kanisa.

BESI INA TABIA YAKE

Nilipokwisha kuyakumbuka mambo haya, ambayo chuoni nilifundishwa kidogo, niliona nimemaliza kazi. Nikatundika kanga tatu ukutani. Je, tulipona? Hata kidogo! Sauti nyembamba zilipungua kidogo, lakini ngurumo ya sabufa ilibaki vile vile, na maneno yakawa mazito zaidi.

Hapa ndipo wengi hukosea, basi sikilizeni vizuri. Sauti husafiri kama mawimbi ya ziwani, mengine mafupi, mengine marefu. Wimbi la herufi "s" halifiki upana wa kiganja. Wimbi la besi laweza kuwa na urefu wa mita 8, kupita sebule yenyewe. Kanga haiwezi kulizuia wimbi kama hilo, kama wavu wa dagaa usivyoweza kumzuia kiboko.

Tena kila chumba kina sauti nene anayoipenda mwenyewe. Mfikirie mtoto juu ya bembea. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa wakati wake, atapanda juu hata kama nguvu zako ni kidogo. Wimbi la besi ambalo nusu yake yalingana barabara na urefu wa chumba, hurudi kutoka ukutani kwa wakati wake, likasukumwa tena, likapanda. Katika chumba cha mita 4, sauti hiyo ni ile inayotetemeka mara 43 hivi kwa sekunde. Kwa bahati mbaya sebule yangu ni mraba, mita 4 kwa 4, hata kuta zote nne zinasukuma bembea moja. Mwenye kujenga nyumba mpya na asikie: chumba kisichokuwa mraba huvuma kwa usawa zaidi, kwa kuwa urefu una sauti yake na upana una sauti yake.

Na je, ile pembe aliyoichagua mdogo wangu? Pembeni kuta mbili na sakafu hukutana, zikaikusanya besi na kuitupa yote mbele. Ndiyo maana vikombe vilicheza.

Sasa mkumbukeni Bibi. Mtu akizeeka, masikio huanza kupoteza zile sauti nyembamba, na herufi kama s, f, t na k zimo humo. Anasikia kwamba mtu anasema, lakini neno halikati. Na ngurumo nene inazifunika hata zile nyembamba zilizobaki. Basi sisi tulipoongeza sauti, tuliongeza na ngurumo. Tulikuwa kama mtu anayemwagia matope maji ya matope ili yatakate.

TULIVYOFANYA

Siku ya Jumamosi sisi wote wa nyumbani tulishika kazi. Gharama ilikuwa misumari na kamba tu. Nanyi mwaweza kufuata hivi:

1. Tafuteni mahali pa sabufa. Tuliiweka juu ya kiti cha Bibi, mahali pale pale anapoketi, tukapiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka. Kisha mdogo wangu akatambaa kwa magoti kandokando ya kuta akisikiliza, huku watoto wakimcheka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Mahali pengine besi ilinguruma, pengine ilipotea kabisa, na mahali pamoja, hatua moja na nusu kutoka pembe, ilisikika sawasawa. Tukaihamishia sabufa hapo, Bibi akarudi kitini pake. Jambo hili hufaa kwa sababu njia ya sauti kati ya mahali pawili ni moja, kwenda na kurudi.

2. Ondoeni kiti ukutani. Besi hujikusanya kandokando ya kuta, na katikati kabisa ya chumba ile sauti ya bembea hupotea. Tulisogeza kiti cha Bibi mbele, kama theluthi moja ya urefu wa chumba. Ni hatua mbili tu, lakini alishtuka kwa tofauti.

3. Leteni spika ndogo karibu. Vile visanduku viwili vidogo ndivyo vinavyosema maneno. Vilikuwa juu ya kabati. Tukavishusha kulingana na masikio ya mtu aliyeketi, kimoja karibu na Bibi. Sauti inayomfikia mtu kwa njia fupi huishinda ile inayozunguka kwanza ukutani.

4. Tandikeni na kutundika. Sakafuni jamvi nene. Kwenye ukuta unaoelekeana na redio, blanketi zito, tena msilibandike ukutani. Liache nafasi ya upana wa kiganja au zaidi, maana nafasi ile ya hewa huliongezea nguvu ya kumeza.

5. Jazeni pembe. Besi haimezwi na kitu chembamba, yataka unene. Tulichukua magunia ya katani, tukayajaza sufi ya magodoro yaliyochakaa bila kuishindilia, tukayapanga moja juu ya jingine katika pembe mbili, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa cha mtu. Hayakuiondoa ngurumo yote, siwadanganyi, lakini yaliipunguza. Godoro zima la sufi likisimamishwa pembeni mchana hufanya kazi hiyo hiyo.

6. Punguzeni besi kwenye kitufe chake. Hili ni la bure, nasi tulilifanya mwisho! Habari, mahubiri na sala havihitaji besi nyingi. Wimbo wa kwaya wahitaji kiasi. Kitufe kimewekwa kigeuzwe.

Tulipomaliza nilipiga kofi. Halikufa kama katika nyumba ya nyasi, lakini halikulia tena kama sarafu. Sauti ya redio tuliishusha karibu nusu, na Bibi akarudi kutoka jikoni na kigoda chake.

WENYE REDIO NDOGO

Wengine mtasema, "Sisi hatuna sabufa, redio yetu ni ndogo kama mkate, besi haina." Basi dawa yenu ni kinyume cha yangu. Ile pembe iliyonidhuru mimi yawafaa ninyi. Wekeni redio karibu na ukuta au pembeni, juu ya meza imara, nayo itapata unene kidogo.

Na vijana wanaotoa spika katika redio iliyokufa na kuiweka wazi mezani, wasishangae ikilia kama nyuki. Spika husukuma hewa mbele na kuivuta nyuma kwa wakati mmoja. Zikikutana, besi hujifuta. Ifungeni katika sanduku la mbao lililozibwa vizuri, mtaona inavyobadilika.

Nimeona pia spika iliyotiwa katika chungu. Si upumbavu. Vitruvius, mjenzi Mrumi wa kale, aliandika habari za vyombo vya shaba vilivyowekwa katika kumbi za michezo kwa ajili ya sauti, na katika makanisa kadhaa ya zamani ya Ulaya mafundi waliingiza vyungu ndani ya kuta. Ila chungu hupenda sauti moja tu, kama chupa ipulizwavyo mdomoni. Wimbo ukiigusa sauti hiyo, chungu huitikia; sauti nyingine hakizijali. Kwa hiyo sanduku ni bora.

ANGALIENI HAYA

Sufi, nyasi kavu na blanketi hushika moto upesi. Msiviweke karibu na mshumaa, koroboi wala jiko, na usiku wa sala wekeni mshumaa upande mwingine wa chumba. Kila majuma machache vitoeni juani na kuvikung'uta, ili panya na kunguni wasifanye makao.

Jambo la pili ni jirani. Magunia na mablanketi hurekebisha sauti ndani ya chumba. Hayaizuii besi kutoka nje. Mawimbi yale marefu hupita ukuta na bati, yakaenda kumwamsha mtoto mchanga wa jirani au kumwudhi aliye na mgonjwa. Nyumbani kwangu tumekubaliana: saa tatu usiku sabufa hunyamaza, na penye msiba kijijini haifunguliwi kabisa. Mdogo wangu alinung'unika siku mbili, kisha akaona ni haki.

Ndugu zangu, twapenda kununua kitu kikubwa zaidi kila tunapopata taabu. Mimi nilikuwa karibu kununua redio nyingine, na fedha hiyo ingepotea, kwa maana ningeiweka katika debe lile lile. Chumba nacho ni sehemu ya redio. Tena mzee akisema hasikii, tusikimbilie kumwambia masikio yake yamechakaa. Huenda ni sisi tuliomjengea nyumba isiyomruhusu kusikia. Leo jioni, baada ya chakula, pigeni kofi moja sebuleni mwenu, kisha mwulizeni mkubwa wa nyumba kama yale maneno ya redio anayapata.

Baada ya miezi minne tangazo la madaktari wa macho lilirudi. Mimi nilikuwa uani kama mara ya kwanza. Bibi akaniita akasema, "Ni Alhamisi, saa mbili, na tuchukue kadi ya bima." Nilikwenda kuuliza kwa Padre ili nihakikishe. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili, na kadi ya bima.

Walimtoa mtoto wa jicho katika jicho la kulia. Siku ya tatu baada ya kurudi alitazama pembe ya sebule akasema magunia yale yamepangwa upogo. Tumeyapanga upya.

Kwaherini mpaka juma lijalo. Mungu awabariki pamoja na nyumba zenu.

Mimi karani wenu.